Programu ya simu ya chuo chetu: malipo na ratiba safi, ila ile rangi nyekundu inaumiza watu

Kwa anayetaka jibu la haraka: ipakue, maana ukiwa mwanafunzi hapa kwetu huna namna. Usajili wa masomo, mahudhurio, matokeo na ada, vyote vimehamishiwa humo, na ukienda dirishani unaambiwa "ingia kwenye mfumo." Jina la chuo naliacha pembeni. Ninachotaka kukieleza ni programu yenyewe: inavyofanya kazi, inavyokusanya taarifa zetu, na inavyozipeleka kwa watu ambao sisi wenyewe hatukuulizwa.

Nasoma takwimu, mwaka wa tatu, na ni CR, yaani mwakilishi wa darasa. Ukiwa CR kila siku unashikishwa simu za wenzako: huyu haoni matokeo, yule kamera haisomi, mwingine ametolewa kwenye akaunti usiku wa kuamkia mtihani. Nimeiona programu hii kwenye Tecno zenye kioo kilichopasuka, nimeiona kwenye iPhone, na nimeiona kwenye kompyuta za steshenari, ambako wenye vitochi ndiko wanakoifungulia.

Kinachostahili sifa nakisifu kwanza. Malipo ya ada yamekuwa mepesi kweli. Zamani kupata namba ya malipo ilikuwa ni kupanga foleni uhasibuni tangu asubuhi, na wenzetu wanaokaa Igoma na Buhongwa, hapa Mwanza, walikuwa wanadamkia daladala ili wawahi kabla dirisha halijafungwa. Sasa unabonyeza, namba inatoka, unalipa kwa simu, na salio linabadilika siku hiyohiyo. Ratiba nayo iko vizuri. Ukumbi ukibadilishwa ujumbe unaingia kabla hujapanda mlima.

Na kwenye matokeo programu imetuondolea aibu kubwa. Miaka ya nyuma matokeo yalibandikwa ubaoni, namba za usajili na alama za kila mtu, na hadi jioni picha zilikuwa zimeshazunguka kwenye makundi yote ya WhatsApp. Kila mtu alijua nani amekula sapu, yaani anarudia mtihani, na nani amedisko, yaani ameondolewa chuoni kwa kufeli. Leo matokeo yangu nayaona mimi. Hili nalisema wazi kwa sababu kuna watu wanaodhani anayelalamikia faragha anataka turudi kwenye makaratasi. Makaratasi yalituanika kuliko chochote.

Sasa ruhusa. Ukiisakinisha inakuomba mahali ulipo, kamera, mafaili, na orodha yako yote ya majina kwenye simu. Chini yake kuna masharti ya faragha, yameandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, maandishi madogo, na kitufe cha kukubali kimewekwa mahali ambapo kidole kinafika kabla jicho halijasoma. Kamera naielewa, ni ya kusoma msimbo wa QR wa mahudhurio. Majina ya simu sijayaelewa. Nimezima ruhusa hiyo kwenye simu yangu na kwenye za wenzangu, na kila kitu kimeendelea kufanya kazi kama kawaida. Basi inayataka ya nini? Kwenye simu yangu kuna namba ya mama, ya fundi cherehani wa Kirumba, ya daktari. Hao hawajasajiliwa chuoni.

Mahudhurio yana shida yake. Mwanzoni msimbo ulionyeshwa ukutani kwa projekta, mmoja anapiga picha, anaituma kwenye kundi, na aliyelala geto naye anahesabiwa yupo. Chuo kikaona, kikaongeza sharti la mahali: lazima simu iseme uko ukumbini. Ila simu za bei nafuu, ndani ya jengo la zege, hazina uhakika wa mahali zilipo. Nimesimama mstari wa mbele na mwenzangu, mhadhiri anatuona, na kwenye simu yake nukta ilikuwa inaelea ziwani, mbali kabisa na ufuo. Akaandikwa hayupo. Marekebisho yanafanyika kwa kujaza fomu ya karatasi na kuipeleka ofisini.

Haya yote ningeyavumilia. Kilichonifanya niandike ni ile rangi.

Kwenye ukurasa wa kwanza, pembeni ya picha yako, kuna duara: kijani, njano au nyekundu. Siku ya mafunzo tulielezwa kwamba mfumo unachukua data kubwa ya chuo, yaani kumbukumbu za wanafunzi wa miaka iliyopita, waliomaliza na waliodisko, unatafuta dalili zilizowatofautisha, halafu unakupima wewe kwa dalili hizo. Dalili zenyewe tulizotajiwa ni mahudhurio, alama za majaribio, ulipaji wa ada, na "ushiriki kwenye mfumo wa masomo." Huo mfumo wa masomo ni Moodle, tunamowekewa notsi na asaimenti. Moodle inaandika kila unachobonyeza: nani, saa ngapi, ukurasa gani, kutoka anwani ipi ya intaneti. Ukiingia saa nane usiku inajua. Usipoingia wiki nzima inajua pia.

Nasoma takwimu, kwa hiyo naweza kusema hili bila woga: modeli ya namna hiyo haimjui mtu. Inajua alama alizoziacha kwenye mashine. Na alama hizo kwa wanafunzi wa Mwanza zinatokana na nini? Zinatokana na bando.

Twende geto moja la Nyakato, wanakaa wanne. Mwenye bando wiki hiyo anaingia Moodle, anapakua notsi zote, anazirusha kwenye kundi. Wa pili hana simu ya kufungulia faili kubwa, anakwenda steshenari kuchapa, wengine wawili wanatoa kopi kwenye nakala yake. Usiku wanakaa wote chini ya taa moja wanasoma. Moodle imemwona mmoja. Watatu waliobaki kwa mujibu wa mfumo "hawashiriki." Ukiwauliza swali la rigresheni, huenda hao watatu wakakujibu vizuri kuliko yule aliyepakua.

Na steshenari ndiyo kabisa. Iko moja karibu na geti ambayo darasa langu karibu lote linaitegemea. Dada mwenye kaunta ana daftari kubwa la jalada gumu, kalamu imefungwa kwa uzi isipotee. Ndani amechora safu kwa rula: namba ya usajili, nywila, na ya mwisho "amelipa" au "bado." Wanafunzi wamempa nywila zao wenyewe, kwa sababu mtu yuko zamu ya kazi mjini, asaimenti inafungwa saa sita usiku, anampigia: "Dada naomba nipakilie, nitakulipa kesho." Anapakia za wengi, kwa kompyuta moja, anwani moja ya intaneti, zikifuatana dakika kwa dakika. Ni mwaminifu, sijasikia hata mmoja akimlalamikia. Lakini akifungua akaunti yako, ukurasa wa kwanza unatokea wote kwenye kioo kikubwa kinachotazama foleni: jina, picha, salio la ada, asilimia ya mkopo, na lile duara. Aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho anasoma habari zako akisubiri zamu yake.

Hiyo asilimia ya mkopo si jambo dogo. Anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo anatoa vielelezo vya maisha yake: yatima anapeleka cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, aliyetoka kaya ya TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, anataja hivyo. Kwa hiyo mkopo mkubwa ukionekana kwenye kioo, majirani wa foleni wanaanza kukisia nani kafiwa na nani kwao hawajiwezi. Kwa nini kikae ukurasa wa kwanza? Kingeweza kukaa ndani, nyuma ya nywila ya pili, na asiyekihitaji siku hiyo asikione.

Sasa nieleze kilichompata mwenzangu. Ameniruhusu nisimulie, jina nabaki nalo. Anatoka Ukerewe, anayemsomesha ni baba yake mdogo, mfanyabiashara wa dagaa pale Nansio. Wakati wa usajili kulikuwa na sehemu ya "namba ya mzazi au mfadhili," akajaza, kama sisi sote tulivyojaza. Hakuna mahali palipoandikwa namba hiyo itatumikaje. Katikati ya muhula duara lake likawa jekundu. Simu yake ilikuwa imeharibika, alikuwa anasoma kwa kopi, tuko naye kundi moja la majadiliano. Yeye mwenyewe hakupata ujumbe wowote. Aliyepata ni baba mdogo:

"Ndugu Mfadhili, mwanafunzi wako yupo kundi la HATARI ya kutomaliza masomo. Ushiriki wake ni mdogo. Tafadhali wasiliana naye."

Baba mdogo akampigia kupitia simu yangu. Spika ilikuwa wazi, nikasikia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, mimi huku nauza dagaa nikutumie hela, na wewe darasani huingii? Niambie ukweli, uko wapi?"

Alijieleza hadi akalia. Mzee wa watu naye alikuwa na haki ya kushtuka. Ujumbe umetoka chuoni, una jina la chuo, utaacha kuuamini? Fedha ya pango ya mwezi ule ilichelewa mpaka baba mdogo alipomtuma mtu wa kuhakikisha. Wiki hiyohiyo majibu ya jaribio yalitoka, mwenzangu alikuwa na 16 kati ya 20.

Nilikwenda ofisini kama CR. Nilipokelewa vizuri, sina la kusema juu ya adabu. Nikaeleza, nikaonyesha alama zake. Kaka wa mezani akafungua kompyuta, akatazama, akaniambia: "CR, mfumo ndio unaosema hivyo. Mimi hapa sina sehemu ya kubadilisha." Nikamuuliza ni dalili ipi iliyompa rangi nyekundu. Naye hakuwa anaiona. Kwenye kioo chake kulikuwa na rangi na asilimia tu. Nikamuuliza kama namba ya mtihani wa kidato cha sita inaingia kwenye hesabu. Akasema niandike barua.

Hilo swali la namba ya mtihani sikuliuliza bure. Namba ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, inaanza na kituo: S ni shule, P ni mtahiniwa wa kujitegemea. Mashine ikipewa namba hiyo inaweza kujifunza yenyewe kwamba waliorudia mtihani, au waliotoka shule fulani ya kata, walidisko zaidi miaka iliyopita, halafu ikamwekea mwanafunzi wa leo mzigo wa waliomtangulia kabla hajafanya jaribio hata moja. Marekani limetokea. Mwaka 2021 waandishi wa The Markup, chombo cha habari cha mtandaoni, walionyesha kwamba vyuo vikuu vikubwa kadhaa vilikuwa vinatumia programu ya kutabiri hatari ambayo rangi ya ngozi ya mwanafunzi ilikuwa kigezo kimojawapo. Mwanafunzi mweusi alianza safari akiwa na alama ya hatari iliyo juu.

Na hizi rangi tatu hazikubuniwa kwetu. Chuo kikuu cha Purdue, Marekani, kilikuwa na mfumo wa Course Signals, wenye taa kama za barabarani. Ulisifiwa sana kwamba wanafunzi walioutumia kwenye kozi mbili au zaidi walibaki chuoni kwa wingi. Mwaka 2013 wachambuzi wakaitazama hesabu upya: anayebaki chuoni ndiye anayepata nafasi ya kuchukua kozi nyingi, kwa hiyo kubaki ndiko kulikoleta kozi, si kozi zilizoleta kubaki. Wanaotuuzia mifumo hii wakija na grafu zao, darasa lolote la takwimu la mwaka wa pili linaweza kuwauliza swali hilo.

Sisemi data haina faida chuoni. Georgia State, pale Atlanta, walianza mwaka 2012 kufuatilia dalili zaidi ya 800 kwa kila mwanafunzi, na wanaomaliza wameongezeka. Lakini walifanya jambo ambalo hapa halijafanywa: waliajiri washauri wa wanafunzi wengi wapya. Dalili ikijitokeza, mshauri anamtafuta mwanafunzi mwenyewe, wanakaa, wanazungumza: umechagua kozi isiyo yako, ada imepungua kidogo, tufanyeje. Wapo pia waliotumia data kwa nia mbaya. Mount St. Mary's, chuo cha Maryland, waliwajazisha wanafunzi wapya dodoso, kumbe uongozi ulitaka litumike kuwabaini wanaoelekea kushindwa ili waondolewe mapema, takwimu za chuo zipendeze. Ilipofichuka mwaka 2016 mkuu wa chuo akajiuzulu. Wanafunzi wale walijaza kwa moyo safi, wakidhani wanasaidiwa. Tofauti ya vyuo hivyo viwili haipo kwenye kompyuta. Ipo kwa anayepokea jibu la kompyuta na anachokifanya nalo.

Kwetu jibu linakwenda kwa anayelipa ada. Na matokeo yake kwenye usomaji nimeyaona: watu sasa wanafungua notsi na kuiacha simu imewaka huku wanapika, ili duara lirudi kijani. Bando linaisha, ubongo haujapata kitu, mfumo unaridhika.

Ofisini niliambiwa pia kwamba data inayopelekwa kwa kampuni iliyotengeneza modeli "imeondolewa majina," kwa hiyo tusiwe na wasiwasi. Kuondoa majina hakutoshi. Latanya Sweeney, mtafiti wa Marekani wa faragha ya data, alionyesha miaka mingi iliyopita kwamba Wamarekani wengi mno, kama asilimia 87, wanaweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Kwenye darasa letu huhitaji hata vitatu. Msichana wa takwimu, mwaka wa tatu, kutoka kisiwani Ukerewe: yupo mmoja.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Inamtaka anayekusanya taarifa akueleze anazikusanya kwa kazi gani, na azitumie kwa kazi hiyo. Inakupa haki ya kuona ulichoandikiwa na kuomba kirekebishwe kikiwa na makosa. Inagusa hata hili la mashine: mtu anaweza kutaka uamuzi unaomwathiri kwa uzito usitolewe na mtambo peke yake. Ibara ya 16 ya Katiba nayo inalinda faragha ya kila mtu, na mwanafunzi hajatolewa humo.

Barua tumeiandika, darasa zima limesaini, nakala imekwenda kwa Mlezi wa Wanafunzi. Tumeomba mambo yanayowezekana. Kuwe na ukurasa ndani ya programu unaoonyesha kila kilichotumika kumpa mtu rangi yake. Ujumbe wa kwanza uende kwa mwanafunzi, na kabla haujatoka awepo mhadhiri au mshauri aliyeusoma akaridhika. Mfadhili ajulishwe pale tu mwanafunzi amekubali kwa maandishi. Ushiriki wa Moodle utolewe kwenye hesabu mpaka chuo kiwe na intaneti ya bure inayofika hosteli zote. Masharti ya faragha yawepo kwa Kiswahili. Na mtu akishahitimu, kumbukumbu za alipobonyeza na alipokuwa amesimama zifutwe. Cheti chake hakizihitaji.

Nyota zangu: malipo, ratiba na matokeo natoa tano bila kusita. Mahudhurio mbili. Duara la rangi moja, na hiyo moja ni kwa sababu mfumo hauniruhusu kuweka chini ya hapo. Wakirekebisha hata ule ujumbe wa mfadhili peke yake nitarudi kuandika upya.

Kwa wanaojiunga mwaka huu. Kwenye simu nenda mipangilio, programu, ruhusa, uzime majina ya simu na mafaili, mahali ulipo weka "wakati wa kutumia tu." Ukifungulia steshenari, badilisha nywila siku hiyohiyo na uhakikishe umetoka kwenye akaunti kabla hujalipa. Sehemu ya namba ya mzazi au mfadhili haina alama ya lazima, unaweza kuiacha wazi na usajili ukapita. Ikishajazwa huwezi kuifuta mwenyewe. Inabidi uende dirisha la usajili na kitambulisho, uombe waitoe, na udai karatasi yenye mhuri kwamba wameitoa.